Pete Uliyoituma Ndani ya Soksi

Duka la Saa,
Mlango wa pili baada ya kinyozi,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.

Jumatano, tarehe 11 Agosti

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye mpaka anaandika mstari huu ni mzima, ana meno yake yote isipokuwa yale mawili unayoyajua, na ana kitambi ambacho mkaza mjomba wako anakiita mgeni asiyeaga. Wewe je, hujambo? Mikono yako inaendeleaje na zile sabuni za hoteli? Mama yako aliniambia ngozi ya vidole ilikuwa inabanduka, nikakosa raha siku nzima. Nimempa mwenzako wa kazini, yule uliyemtuma na pete, akuletee chupa ya mafuta. Yapake kabla ya kulala, usingoje mpaka ngozi ipasuke ndipo ukumbuke una mjomba.

Huku tu salama. Mama yako goti la kushoto linamsumbua asubuhi. Likishapata joto linatulia, ila mwenyewe hatulii. Mkaza mjomba wako hajambo, ameacha sukari kwenye chai na ameniachisha na mimi bila kuniuliza.

Najua macho yako yameshairuka mistari yote hiyo kutafuta neno pete. Rudi nyuma usome salamu kwanza, nimeziandika kwa taabu. Ukimaliza, tuendelee.

Uliniagiza jambo moja, na nililielewa vizuri. Kama lile jiwe la bluu ni yakuti ya kweli, tuiuze pete, tukupangie chumba cha kushonea na kukununulia cherehani, na wakikuletea mkataba wa hoteli mwisho wa mwezi huu usitie sahihi, upande gari urudi nyumbani. Kama si yakuti, utasaini miaka miwili mingine ya kufua mashuka ya watu usiowajua. Kwa hiyo tangu pete ifike nimekuwa nikitembea na miaka miwili yako kwenye mfuko wa shati, na kila nikiinama nauziba kwa mkono.

Sikutaka kukupigia simu. Ungeniuliza, "Mjomba, ni ya kweli au si ya kweli?" nami ningelazimika kujibu kwa neno moja, na pete hii, mwanangu, haina jibu la neno moja. Mwenzako anarudi huko Jumamosi, nikaona heri aje na maneno yote kwa mpangilio wake. Kaa chini.

Pete ilifika salama. Mwenzako aliitoa ndani ya soksi mbele ya mama yako, mkaza mjomba wako na mteja aliyekuja kubadilisha betri. Wazo la kuificha humo lilikuwa zuri, maana hakuna mwizi ambaye angethubutu. Soksi yenyewe ilikuwa imesafiri siku mbili, tukaiweka nje kwanza ipumzike.

Ni pete nzuri, hilo nakuambia bila kukuonea huruma. Dhahabu imelika upande wa kiganja, pale inapogusana na kazi. Aliyeivaa kabla yako hakuwa mtu wa kukaa bure. Jiwe ni la bluu iliyokolea, ukubwa wa punje ya hindi, limeshikwa na meno sita ya dhahabu, na mgongoni pameachwa wazi ili mwanga upite. Ulisema yule mama aliyekuuzia alikuwa anahama, akakuambia aliirithi. Nikaona hata mimi ningemwamini.

Basi mjomba wako akakunja mikono ya shati. Unajua miaka thelathini nimekaa na saa, na ndani ya saa nzuri mna vijiwe vyekundu vidogo kuliko mbegu za ufuta, kwa hiyo nikajihesabu mtu wa vito. Nilibana jichoni kile kioo changu cha kukuzia, nikaliangalia jiwe juu, kulia, kushoto. Safi. Nikalipulizia pumzi, ukungu ukapotea kabla sijahesabu moja. Kioo cha kawaida hukaa na ukungu kama mtu aliyenuna. Nikaligusisha mdomoni, likawa baridi kama jiwe linavyotakiwa.

Kisha nikafanya jambo ambalo sonara akilisikia hushika kichwa. Nilichukua tupa yangu ndogo kuliko zote, nikaipitisha kwenye ukingo wa uso wa jiwe. Nisamehe. Nilifanya kwa jina la elimu. Tupa iliteleza kama ukucha juu ya sahani, na jiwe halikupata hata alama. Kioo kingechubuka palepale.

Nikatangaza kwamba pete ni ya kweli. Nilimtangazia mama yako, ambaye alikaa kwenye benchi la wateja akafunika uso kwa mikono miwili. Nikamtangazia mteja wa betri. Mwisho nikatoka mlangoni nikamtangazia kinyozi, na unajua kumwambia kinyozi wetu jambo ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Jioni hiyohiyo mama yako alishusha mapazia ya chumba chako akayaloweka.

Mapazia hayo ndiyo yaliyonitesa baadaye. Nitafika huko.

Siku ya pili mkaza mjomba wako aliivaa pete ili aone inavyokaa. Sikumkataza, nani angemkataza? Akaenda kusimama kwenye mwanga, akaivua, akaigeuza, akachungulia kwa nyuma. Halafu akaniomba kioo changu cha kukuzia, akachungulia tena.

"Hili jiwe lina mapovu," akasema.

"Hayo ya sabuni. Umetoka kuosha vyombo."

"Na sabuni imeingiaje ndani ya jiwe, fundi?"

Sindano, nilipandisha sauti. Nikamwambia kile kioo ni cha wataalamu, mtu asiyekizoea huona vitu visivyokuwepo. Akasema ndiyo maana leo kimefurahi, kimepata jicho linaloona. Nikamwambia nimelipima kwa tupa. Akasema hata kisahani chake cha chai kingepimwa kwa tupa, na kingeshinda. Kwake jiwe lenye mapovu lilikuwa kioo, basi, kioo kama cha chupa.

Tulibishana wiki nzima. Tulibishana tukila, tukifunga duka, na mara moja tukiwa tumekaa kwenye msiba wa jirani, jambo ambalo sijivunii. Mama yako aliacha kuniuliza kitu, akawa ananiangalia tu. Mapazia yalikuwa yamekauka, lakini hakuyatundika. Aliyakunja akayaweka juu ya kitanda chako, yanangoja uamuzi kama watu wanavyongoja daktari.

Mwishowe mkaza mjomba wako akasema, "Twende kwa mwenye kazi yake." Sikupenda, maana kwenda kwa mwenye kazi yake ni kukiri kwamba kazi si yangu, lakini nilivaa viatu.

Sonara tuliyemwendea ni mama mmoja mnene, mpole, ana chumba juu ya duka la viatu. Ngazi zake zina harufu ya gundi mpaka unafika juu na kichwa chepesi. Amekaa kwenye meza iliyokatwa tumbo mbele, na chini yake amefunga ngozi kama mfuko ili chembe za dhahabu zikidondoka zisiende kwa mfagiaji. Ana brashi ya kufagilia vumbi la meza, na vumbi hilo halitupi, analiweka kwenye kopo. Nilimheshimu papo hapo. Mimi hata vipuri vizima napoteza.

Aliichukua pete, akaisugua kwa kitambaa, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu kasema yakuti?"

"Mimi, mama."

"Na nani kasema kioo?"

"Mimi," mkaza mjomba wako akajibu, na kidevu amekiinua kama anapigwa picha.

"Wewe baba uliitazama wapi?"

"Usoni. Na ubavuni kidogo."

"Mgongoni?"

Nikakohoa.

"Wewe kazi yako nini, baba?"

"Fundi saa."

"Mtu akikuletea saa imekufa, unaanzia wapi?"

"Nafungua mgongo," nikasema, na nilipojisikia nimesema hivyo nilitamani ngozi ile ya chini ya meza inipokee. Miaka thelathini, Sindano! Kila siku ya kazi napindua saa za watu na kuzifungua mgongo, kwa sababu usoni saa yoyote inaweza kujidai. Siku moja wananiletea pete ya mpwa wangu mwenyewe, nakaa nayo wiki nzima usoni kama mchumba. Mkaza mjomba wako alicheka mpaka akashika meza, na sonara akamwomba asitikise, kuna dhahabu.

Sonara akavuta karatasi nyeupe isiyo na mistari. Akailaza pete juu yake kifudifudi, jiwe likitazama chini, akaishusha taa. "Tazameni ukingoni," akasema. Tukainama wote wawili, vichwa vikagongana. Kuzunguka lile jiwe la bluu palikuwa na mduara mwekundu, mwembamba kama uzi wa kudarizia.

Akatueleza taratibu, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Jiwe lako ni mawe mawili. Juu kabisa pana kipande chembamba cha jiwe la kweli, jekundu, linaitwa garneti, na ni gumu. Chini yake pana kioo cha bluu kilichoyeyushwa kikagandishwa nalo wakati wa moto, ndipo likachongwa lote kwa pamoja. Ukilitazama kwa juu, bluu ya kioo inaumeza wekundu, huuoni. Ukilipima kwa juu, unakutana na ule ugumu wa garneti. Mafundi wa zamani sana, kabla bibi yake sonara hajazaliwa, walikuwa wakiyatengeneza kwa wingi, na yamewadanganya watu wenye elimu kuliko ya mjomba wako.

"Kwa hiyo nani kashinda?" mkaza mjomba wako akauliza. Yeye hapotezi muda.

"Hakuna. Baba kapima paa, wewe umepima msingi. Nyumba hamkuipima."

Nilimwuliza kama yule mama aliyekuuzia alikuhadaa. Akasema haiwezekani kujua, lakini pete kama hizo hupita kwa mama na binti na mjukuu, wote wakiamini. Nakuomba uamini hivyo. Si lazima uwe umedanganywa na mtu. Unaweza kuwa umedanganywa na pete tu, na hapo tuko wawili.

Sasa thamani, maana ndiyo uliyoiuliza. Nitakuhesabia kwa cherehani, tusichanganyikiwe na pesa za huko na za huku. Yakuti ya kweli ya ukubwa ule na rangi ile ingekupa cherehani tatu mpya na kodi ya chumba kwa mwaka. Pete yako kama ilivyo, sonara anainunua wakati wowote kwa bei ya meza nzuri ya kukatia vitambaa na mkasi wa chuma usiopinda. Dhahabu yenyewe ni ya kweli, hilo amelipima mbele yetu, na kazi ya mkono wa yule fundi wa zamani anaisifu. Hapo hapana cherehani. Nimekuambia kwa mkato kwa sababu najua ungependa hivyo.

Tulirudi nyumbani. Nilimweleza mama yako jioni ileile, na pete nikamlazia kifudifudi juu ya karatasi nyeupe. Alitazama ule mduara muda mrefu. Akauliza, "Ina maana harudi?" Nikasema ina maana pete hairudishi mtu. Lilikuwa jibu la kijinga na nililijua wakati linatoka.

Ungedhani habari zimeishia hapo. Ndipo zilipoanza.

Kesho yake asubuhi, mama yako amekaa dukani kwangu anapasha goti joto, akaingia Bei Moja. Humjui huyu, alifungua duka la vitu vilivyotumika ulipokwisha kuondoka. Anauza redio, viti, mapambo, chochote kilichokwisha kupendwa na mtu mwingine. Wanamwita Bei Moja kwa kuwa tangu afungue duka hajawahi kuwa nayo. Alikuwa ametoka kwa kinyozi, na kinyozi alikuwa bado anaitangaza ile habari yangu ya zamani, ya ushindi.

"Fundi, nasikia una yakuti."

Kabla sijajibu, mama yako akasema, "Ipo. Mwonyeshe."

Nikaitoa. Bei Moja ni mtu wa kazi, usimdharau. Aliipulizia, akaigusisha mdomoni, akaiangalia kwa kurunzi. Kisha akauliza kama naweza kumpa kipande cha kioo, nikampa kioo cha saa ya ukutani iliyovunjika. Akaliburuza jiwe juu yake, kwa upande wa uso. Likaacha mchoro mweupe, safi. Akatabasamu kama mtu aliyeona mtoto wake ametembea. Niliitambua ile furaha. Ilikuwa yangu wiki iliyopita.

Akataja bei. Cherehani tatu na kodi ya mwaka, kama alivyosema sonara, hakupunguza wala kuongeza. Na alikuwa nazo, ndani ya bahasha ya kaki, kwenye koti. Akasema ana mteja tayari, kijana fundi ujenzi anayetaka kuoa, amekuwa akiweka pesa kwake kidogo kidogo miaka mitatu akingoja jiwe la kweli.

Mama yako akanikanyaga mguu. Akanikanyaga kwa kisigino, na goti lile bovu wala halikumsumbua.

"Mwenyewe kapima," akasema, sauti tamu kabisa. "Sisi hatujasema neno."

Na ilikuwa kweli, Sindano. Hatukuwa tumesema neno. Bahasha ile ilikuwa juu ya meza yangu, kati ya koleo na kikombe cha chai, na ndani yake ulikuwemo wewe unashuka kwenye gari na masanduku yako. Nilihitaji kunyamaza tu, nami kunyamaza naweza, muulize mkaza mjomba wako nikivunja sahani.

Sitakudanganya kwamba niliwaza mambo makubwa. Niliwaza yule fundi ujenzi. Nilimwona ameshika pete, siku moja mambo yamemwendea vibaya, anaifunga kwenye soksi anaituma kwa mjomba wake akaipime. Na mjomba wake anachukua tupa. Nikaona jambo hili litazunguka dunia nzima, na kila litakapofika litamkuta mtu amekaa anangoja kurudi nyumbani.

Nikachana karatasi nyeupe kwenye daftari, nikailaza pete kifudifudi, nikawasha taa ya kazi.

"Tazama ukingoni," nikamwambia.

Bei Moja akainama. Akakaa ameinama. "Hiki nini?"

"Mimi nimejifunza jana. Juu jiwe, chini kioo."

Akanyooka, akairudisha bahasha kwenye koti bila haraka, akafunga kifungo. "Fundi," akasema, "wewe ungekuwa unauza samaki, ungemwonyesha mteja yule aliyeoza kwanza." Akatoka. Hakufika mbali. Akarudi mlangoni akaomba nimwonyeshe tena ule mduara, polepole, na taa inakaa upande gani. Nikamwonyesha. Alipoondoka mara ya pili alinipa mkono, na uso wake ulikuwa umejaa mawazo. Nadhani anazo pete nyingine dukani anataka akazipindue.

Nikabaki na mama yako. Nilitarajia kelele, nami kelele zake nimezizoea tangu tukiwa watoto, najua pa kujificha. Hakupiga kelele. Alisimama, akachukua mkoba wake, akasema, "Umemwongezea mwanangu miaka miwili," akaenda zake.

Siku tatu hakunisemesha. Nilipeleka mkate, akaupokea mkaza mjomba wako kwa niaba yake. Sikujuta, nataka ulijue hilo: akija Bei Moja kesho na bahasha mbili, karatasi nyeupe ipo palepale. Lakini kutojuta ni kitu kimoja, na kuona mapazia yamekunjwa kitandani ni kingine. Sikulala vizuri. Niliandika barua hii mara mbili nikaichana, kwa sababu kila nilipofika hapa sikuwa na kitu cha kukupa zaidi ya ukweli, nao hata kodi haulipi.

Siku ya nne, jana hiyo, mama yako akaingia dukani asubuhi na mapema. Hakusalimu. Alikuwa na utepe wako wa zamani wa kupimia nguo, ule uliokatika mwanzoni. Akasimama katikati ya duka, akatazama upande wa kulia, ambako nina lile kabati kubwa la saa za ukutani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

"Hizi zinasema saa ngapi?" akauliza.

"Kila moja na yake, dada."

"Basi hazina kazi. Ziondoe."

"Niziondoe niziweke wapi?"

"Wewe si hodari wa kupindua vitu? Pindua na duka." Akanipa ncha moja ya utepe. "Shika hapo. Vuta. Mwanangu bei yake umemfukuzia kwa mdomo wako mwenyewe. Sasa mpe mahali."

Sindano, nilishika utepe. Tulipima ukuta wote, mimi na dada yangu, tukiwa tumepiga magoti sakafuni kama watoto wanaocheza, yeye akilalamikia goti lake na mimi kitambi changu. Upande ule una nafasi ya cherehani moja, meza ya kukatia, kioo cha mteja kujitazama na kiti kimoja kama mteja si mnene. Akasema cherehani yake ya miguu ataitoa kwako, yeye macho yameanza kukataa kutunga uzi. Mimi nimeibeba mpaka hapa na mkaza mjomba wako, nimeisafisha, nimeitia mafuta na kuifunga mkanda mpya. Nimeijaribu kwenye kitambaa cha kufutia saa. Inashona mstari ulionyooka kuliko mwenendo wangu wote wa mwezi huu.

Kinachonifanya nijisikie vibaya ni kwamba wazo hili sikulipata mimi. Watu wanaovaa saa mkononi wanapungua kila mwaka, siku nyingine nakaa hapa mpaka saa sita sijafungua mgongo hata mmoja, na nusu ya duka ilikuwa imekaa tu bila mtu. Ilibidi dada yangu anichukie siku tatu ndipo nione ukuta wangu mwenyewe.

Sikuahidi wateja. Mkaza mjomba wako anasema walio tayari ni watano, lakini wawili kati yao ni yeye. Utaanza na cherehani moja, na si mpya. Pete nimeiweka, sijaiuza wala sitaiuza bila neno lako: ukitaka meza na mkasi, sonara anangoja; ukitaka kuivaa, ivae, ni nzuri na sasa unajua unavaa nini. Mkataba ni wako, na kalamu ni yako. Ukitia sahihi hakuna atakayekulaumu, ukuta utakungoja miaka miwili na mimi nitaupangusa. Lakini kama ulikuwa unangoja jiwe likupe ruhusa ya kurudi, mpwa wangu, sahau jiwe. Ruhusa hii hapa, imeandikwa kwa mkono wa mjomba wako.

Wanakusalimu wote: mama yako, ambaye amenisemesha leo mara nne, tatu zikiwa amri, mkaza mjomba wako, anayekuagiza ule vizuri, kinyozi, aliyetaka kujua nakuandikia nini na sikumwambia, na yule sonara, aliyeuliza mwenye pete ni nani, nikamwambia ni fundi cherehani. Msalimie mwenzako akifika, na umnunulie soksi.

Mungu akuhifadhi huko uliko, ailainishe mikono yako na kuifungua njia yako.

Jambo la mwisho, na hili nataka ulijibu kwa haraka kuliko yote. Dirisha letu ni moja. Mimi na saa zangu nahitaji mwanga, na wewe na sindano zako utahitaji mwanga. Nani akae dirishani? Mama yako ameshaamua, na leo mchana amehamisha kiti changu. Nimemwambia tungoje jibu la Sindano. Amesema sawa, tungoje, na akaenda kutundika mapazia ya chumba chako.

Ni mimi mjomba wako, niliyekaa pembeni gizani kidogo, na moyo mweupe kwako,

Fundi Saa